Kikohozi Nyuma ya Pazia

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumwona akimpima mwanamke kiuno bila kugeuza uso. Anazungusha futi yake, anatazama barabarani, anaitupia namba jicho moja tu, anaandika. Wanawake wa Ilomba, mtaa wetu, walimpenda kwa hilo. Walisema nguo zake zinakaa mwilini na yeye mwenyewe hasumbui mtu.

Naanza na hilo kwa sababu msibani niliwasikia watu wakimkumbuka kwa mwaka wake wa mwisho tu. Mwaka mmoja ukameza arobaini na minne. Na wale waliotaka kumtetea walisema neno moja: haikuwa yeye, ilikuwa uvimbe. Walidhani wananifariji. Neno hilo nililisema mimi kabla yao, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa mkono wangu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Kilolo, Iringa. Tulioana tukakaa Mbeya, tukatunzana, tukataniana. Akinitania alisema, wewe Mhehe ukikasirika hata jiwe linaomba radhi. Nami namjibu kwamba wao wakiona mkungu wa ndizi wanadhani wameiona mbingu. Hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Mhehe tu, na mimi nilimwita Fundi.

Sasa, kwao kuna mwiko ambao sisi kwetu hatuna kwa ukali ule. Mke wa mwanao na wewe baba mkwe hamwonani. Sisemi hampendani. Hamwonani. Baba akija njiani, mkamwana anatoka pembeni, anageuka, anainama na kujifunika kitenge. Jina la mkwe halitaji. Chumba alimo mkwe haingii, na mkwe naye jikoni kwa mkamwana hakanyagi. Mimi mwenyewe nilijifunika hivyo kwa baba yake mpaka alipofariki. Zamani, waliniambia, ilikuwa kali kuliko hapo.

Lakini hapa mjini tuna ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Mwanangu anaendesha lori, kwake anakuja kama mgeni, mke wake na binti yao tunaishi nao. Kwa hiyo tukaupunguza mwiko utoshe kwenye ua wetu. Mkamwana wangu akitaka kuvuka kwenda bombani, anakohoa. Kikohozi kifupi, cha adabu. Fundi akikisikia anavua kofia, anajifunika uso, anasubiri hatua zipite, kisha anairudisha kichwani na kuendelea kushona. Naye akitaka kutoka barazani kuja uani, anakohoa, na kule ndani unasikia mlango unarudishwa. Miaka kumi na minane walikoholeana hivyo. Watoto wa jirani wakacheza mchezo wa kuwaigiza. Mtu akiniuliza heshima ni nini, sina maneno, ila sauti hiyo ya vikohozi viwili ninayo masikioni.

Jambo la kwanza kuharibika lilikuwa pasi. Alikuwa ananyoosha kaptula za shule, kaki, za mtoto wa mwalimu mmoja. Mimi niko uani nasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Natoka mbio, namkuta amekaa kando ya pasi, anatazama barabara, moshi unapita puani kwake. Nikamwuliza husikii harufu. Akasema harufu gani. Nikamwambia uzee wako usiutafutie sababu, lipa kitambaa cha watu. Zile kaptula zenye alama ya pasi ninazo mpaka leo sandukuni.

Baada ya hapo akaanza kula sukari kwa kiganja. Akaanza kukata vitambaa bila kupima, anacheka. Mteja akilalamika kwapa linabana, anamwambia punguza kula. Yeye, aliyekuwa akiombwa salamu mara mbili ndipo ajibu. Wateja wakapungua. Mimi nikasema ni kiburi cha uzeeni. Nilimsema asubuhi, nikamsema mchana. Nimelelewa hivyo: mtu akipinda, unamnyoosha angali mbichi, na akishakauka unamnyoosha kwa moto.

Kisha ikaja siku ya jikoni. Ilikuwa asubuhi, mkamwana anapika maharage. Fundi akatoka barazani, hakukohoa, akaingia jikoni kwa mkamwana. Akakaa kwenye kigoda chake. Akafunua sufuria, akachota maharage kwa mkono, akala. Akamwita kwa jina lake, akamwambia mbona unaogopa, njoo hapa unipakulie. Akaongeza na neno juu ya mwili wake, neno ambalo siliandiki.

Yule mtoto wa watu alitoka na ndala mguu mmoja. Alikwenda hivyo hivyo mpaka kwa wazazi wake, Uyole, na binti yake akamfuata na nguo siku ya pili.

Mtu wa kwingine atasema, maharage tu. Daktari alisema hivyo baadaye, kwa upole: Bibi, kumbe kosa lenyewe lilikuwa kula maharage. Nikamwambia hapana, baba. Kosa lilikuwa kutokukohoa.

Kaka yake mkubwa alikuja kutoka Rungwe na wazee wawili. Wakamkalisha. Nilikuwepo, nimekaa mkekani, nimeinamisha kichwa kwa aibu. Kaka akamwuliza kama alijua yule ni mkwe wake. Akasema nilijua. Akamwuliza kama alijua ni mwiko. Akasema nilijua.

"Sasa kwa nini uliingia?"

"Nilisikia njaa," akasema, na akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichoniua. Kama angesema sikumbuki, kama angesema nililewa, ningepata mahali pa kuishika huruma. Lakini alijua, na akacheka. Wazee wakasema atoe ng'ombe na aombe radhi. Akasema ng'ombe atoe nani. Wakaondoka bila kunywa chai.

Nikafanya uamuzi peke yangu. Mkamwana alileta ujumbe kwamba harudi kwenye ua ule mume wangu akiwemo, nami niliona ana haki. Nikafunga nguo za Fundi kwenye mfuko, nikampandisha basi, nikampeleka Kilolo, kwenye nyumba ya marehemu baba yangu anakokaa mdogo wangu. Hakubisha. Alishika mfuko wake akanifuata kama mtu anayepelekwa kupimwa suti. Tulipofika nikamwambia mbele ya mdogo wangu: utakaa hapa mpaka adabu ikurudie. Ikikurudia, uombe radhi, nitakuja kukuchukua. Isipokurudia, tutazikana kwa barua.

Kilolo ni baridi. Aliyezaliwa kule anajua mwezi wa sita unavyokuwa, umande juu ya viazi asubuhi ni kama chumvi. Walimpa chumba cha nyuma, kilichokuwa ghala la viazi. Miezi minane alikaa humo. Mdogo wangu alipiga simu mara kwa mara. Dada, shemeji anajikojolea. Dada, shemeji anajigonga milangoni kama haioni. Dada, shemeji anaingia nyumba za watu. Mimi najibu anajitia wazimu, akishachoka ataacha. Simu moja alitaka kuongea mwenyewe. Nikasema mwambie akitaka kuomba radhi aombe kwa mkwe wake, si kwangu. Nikakata.

Mkamwana alikuwa amesharudi nyumbani. Alikuwa anavuka ua sasa bila kukohoa, maana hapakuwa na wa kukoholewa. Nilidhani ua umepona.

Kisha Fundi akaanguka shambani kule Kilolo, akatupa mikono na miguu, povu mdomoni. Nikaenda. Hospitali ya Iringa wakamtazama, wakatuandikia barua ya kwenda Mbeya. Njiani basi lilisimama Nyololo watu wachimbe dawa vichakani na kununua chakula. Nikamnunulia mahindi ya kuchoma. Akayashika tu. Hakunijua vizuri siku hiyo. Alinitazama akasema, mama, kama unapita Ilomba kuna mke wangu pale, Mhehe mmoja, mwambie nasikia baridi.

Nikamwambia nitamwambia.

Daktari wa Mbeya alikuwa kijana, angeweza kuwa mjukuu wangu. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: Bibi, kuna wakati mzee aliacha kusikia harufu? Nikaiona pasi, nikauona moshi. Nikasema ndiyo, karibu mwaka na nusu.

Akanionyesha picha ya kichwa. Mbele, nyuma ya paji la uso, kulikuwa na kitu cheupe kama yai la kuku. Akasema uvimbe huu umekua polepole, miaka, umeanza kwa kubana mshipa wa harufu, kisha umesukuma sehemu ambayo mtu anajizuia nayo. Akasema pale ni kama breki. Mzee alikuwa anajua barabara, anajua taa nyekundu, anakanyaga breki na hazishiki.

"Na dereva?" nikamwuliza. "Dereva yuko wapi kwenye picha hii?"

Akaitazama picha kama vile anamtafuta kweli. Akacheka kidogo, si kicheko cha dharau. "Bibi, hilo hata sisi tunaligombania. Kuna wanaosema dereva hayupo, ni gari tupu."

Akaniambia tungewahi, ungetolewa ukiwa mdogo. Sasa watatoa, lakini ni hatari. Hakunilaumu. Alisema watu wengi wanachelewa, wanadhani ni tabia.

Mjukuu wangu, yule binti wa mkamwana, anasomea unesi. Alikuja wodini na daftari zake, akanieleza zaidi. Akasema kuna wasomi wamewawekea watu nyaya kichwani, wakaona ubongo unaanza jambo kabla mwenyewe hajajua kwamba amelitaka. Akasema wapo wanaoshikilia kwamba hakuna anayechagua, wala mwizi wala mchungaji, na kumlaumu mtu ni kulaumu mvua.

"Na huyo msomi," nikamwambia, "akipigwa kofi atamsalimia mpigaji?"

"Bibi nawe."

"Nauliza. Na hayo aliyoyaandika, aliyachagua au yalimtoka tu kama jasho? Kama yalimtoka tu, kwa nini nimsadiki yeye nisisadiki kikohozi cha babu yako?"

Akacheka, akasema nikimkuta nimwulize. Lakini moyoni sikuwa nacheka. Ile picha niliiona. Yai lile lilikuwepo. Huwezi kubishana na yai.

Walimpa dawa ya sindano ya kupunguza maji yaliyouzunguka uvimbe, wakisubiri siku ya kumpasua. Sikutegemea kilichotokea. Siku ya tatu aliamka akaniita Mhehe. Akauliza cherehani imefunikwa? Akaomba afungwe vifungo vya shati. Alikuwa amerudi. Dawa, walisema. Basi niite dawa, lakini aliyekaa kitandani alikuwa Fundi, na akageuza uso nesi alipokuja kumgeuza.

Siku ya nne akaanza.

"Nilimwita jina," akasema.

"Ndiyo."

"Nikakaa kwenye kigoda chake."

"Ndiyo, Fundi."

"Na lile neno nililisema?"

Nikamwambia alilisema. Akafumba macho. Alikumbuka vitu vyote, hata wazee walivyoondoka bila chai. Akasema nimtafutie mtu wa kumpelekea mkamwana maneno, anataka kuomba radhi, na ng'ombe atafutwe.

Hapo ndipo nilipokosea mimi, na sikukosea kwa ukali, nilikosea kwa huruma. Nilijiona nina habari njema. Nikamweleza picha, yai, breki. Nikamwambia radhi za nini, huna kosa hata moja, ni uvimbe ule, daktari amethibitisha, ng'ombe wa nini kwa mtu mgonjwa. Nilitegemea atafurahi. Akaniangalia kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu.

Nikarudi nyumbani nikamwambia na mkamwana. Yule mtoto ana moyo mwepesi. Alilia, akasema kumbe baba alikuwa anaumwa na sisi tumemfukuza. Kesho yake mchana akaja wodini na uji kwenye chupa. Hakukohoa. Alipita moja kwa moja mpaka kitandani, uso wazi, akakaa, akachota kijiko.

"Baba, fungua mdomo. Hakuna mambo ya mkwe hapa, wewe ni mgonjwa wetu tu."

Fundi aligeuka ukutani. Kofia hakuwa nayo, walishamnyoa kichwa. Alijaribu kuvuta shuka, lilikuwa limebanwa chini ya godoro. Uji ukamtiririkia shavuni hadi sikioni. Nami nikamkaripia. Nikasema fungua mdomo, mtoto wa watu ametoka mbali na jua hili. Akafungua. Alikula uji wote macho yamefumbwa, kama mtoto anayechapwa.

Mchana wa siku iliyotangulia upasuaji tulikuwa wawili tu. Aliongea polepole, maneno yake nimeyashika.

"Mnaniambia sina kosa."

"Huna."

"Nilifika mlangoni pale, Mhehe, nikajua hapa mtu anakohoa. Sikukohoa. Hakuna aliyenishika koo."

"Ni uvimbe uliokushika."

"Haya. Uvimbe uliingia jikoni. Sasa ile miaka kumi na minane, nani alikuwa anavaa kofia usoni? Alikuwa nani? Maana kama la jikoni si langu, na la kofia si langu. Kilikuwa kichwa kizima tu, nacho kikaharibika."

Akaendelea.

"Na wewe ulinipeleka Kilolo. Nilikaa na viazi. Ningekuwa na la kukusamehe. Lakini kama mimi sina kosa, na wewe huna. Kichwa chako ndivyo kilivyo, kigumu, ulizaliwa nacho. Basi tumebaki nini hapa, mimi na wewe? Vichwa viwili juu ya kitanda cha serikali."

Alikuwa anatania nusu. Alikuwa ananifungulia mlango, leo naliona hilo. Nilitakiwa kusema ulikosa, Fundi, na nimekusamehe, na mimi nimekosa, nisamehe. Maneno hayo ni mepesi, hata mtoto wa Sunday school anayaweza. Lakini mimi maisha yangu yote nimewaambia watu makosa yao, sikuzoea sentensi inayoanzia upande wangu. Nikarekebisha mto. Nikamwambia umeanza maneno yako ya Kinyakyusa, lala.

"Haya, Mhehe," akasema.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Asubuhi walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, akiwa tayari amechomwa sindano ya usingizi.

Alitoka akiwa hai. Yai lilitolewa, si lote. Lakini hakuongea tena. Macho yalikuwa yanafunguka, yanatazama dari, yanafumba. Mkono wa kulia ulikuwa unaweza kusogea. Daktari akasema tusubiri.

Siku ya sita nilikaa na mkamwana kwenye benchi nje ya wodi. Nilimweleza kila alichosema Fundi, mlango, kikohozi, kofia, miaka kumi na minane. Sikuongeza wala kupunguza. Alisikiliza akikunja pindo la kitenge chake, anakunjua, anakunja. Mwisho akasema:

"Kumbe mimi ndiye niliyemvua kofia, Mama."

Nikamwambia tulimvua wote.

Akainuka. Alifunga kitenge kichwani, akakishusha mpaka kwenye macho. Tukaingia. Kitanda cha Fundi kilikuwa na pazia la kuzunguka, lile la kijani, nikalivuta likafunga. Mimi nikaingia ndani, yeye akabaki nje. Akapiga magoti sakafuni, nikaona vidole vya miguu yake chini ya pazia. Akakohoa.

Kile kikohozi kifupi.

Mkono wa Fundi ukasogea. Naandika nilichokiona. Ulipanda kifuani, ukapapasa, ukashika ukingo wa shuka. Safari hii shuka lilikuwa huru, nilikuwa nimelichomoa mwenyewe. Akalivuta mpaka kidevuni, likakwama, akalivuta tena, likafunika mdomo na pua, likafika machoni. Mkono ukabaki pale pale, umelishikilia.

"Mama," mkamwana akasema kutoka nje, kwa sauti ya kusikika, kwa sababu mkwe huongei naye ila kwa kupitia mtu. "Mwambie baba alinikosea. Alinikosea sana. Mwambie nimemsamehe."

Nikainama nikamwambia, Fundi, mkwe wako anasema ulimkosea, na amekusamehe. Shuka lilikuwa linapanda na kushuka kwa pumzi yake. Nesi akaja, akataka kulitoa usoni, akasema atakosa hewa. Nikamwambia mwache, binti yangu, kidogo tu. Akaniona uso, akaacha.

Hatua za mkamwana zikaenda zikaisha. Na mkono wa Fundi, baada ya hatua kuisha, ukalishusha shuka. Kama ilivyokuwa ikishuka kofia.

Ndipo nami nikasema. Nilikuwa nimechelewa, lakini nilisema. Nikasema, Fundi, Kilolo nilikupeleka mimi. Ulitaka kuongea kwenye simu, nikakata. Nisamehe. Nikasubiri. Nikaweka kidole changu kwenye kiganja chake ili abane kama amesikia. Nikarudia, na mara ya tatu nikasema kwa Kihehe, lugha ambayo alijifunza kwa ajili yangu. Macho yalikuwa yanatazama dari. Nilisubiri mpaka wakaleta uji wa wagonjwa wa jioni. Mkono haukusogea.

Alikufa siku ya kumi na moja, mchana, niko bombani nafua fulana zake.

Tulimzika kwao, Rungwe. Jeneza lilipopita kwenye migomba, wanawake walimwambia mkamwana aje mbele, aage, mwiko umekwisha na mzee alikuwa mgonjwa tu. Hakwenda. Aliingia kwenye migomba, akainama, akajifunika kitenge kizima mpaka wabebaji walipopita. Wengine walinong'ona kwamba bado ana kinyongo. Mimi nilimwona, nikamshukuru Mungu kwa mtoto yule. Alimzika mtu, hakuzika uvimbe.

Nilimweleza daktari habari ya shuka nilipofuata karatasi za kifo. Alinisikiliza vizuri. Akasema, Bibi, sitaki kukuvunja moyo, lakini mgonjwa wa namna ile mkono unaweza kusogea wenyewe, ni misuli, hakuna anachokusudia. Akasema hawezi kuapa, lakini ndivyo wanavyofundishwa. Nikamwambia ahsante, mwanangu. Simlaumu. Alisema anachokijua.

Nimelibeba neno lake tangu siku hiyo, nikiwa barazani kwake, cherehani imefunikwa kama alivyotaka. Kama ni misuli tu, basi hakumsikia mkamwana, na radhi aliyoitaka haikumfikia. Lakini na mimi ninapona hapo, maana kama hakuwepo, hakuninyima kitu. Na kama alikuwepo, akasikia kikohozi, akajifunika uso kwa kutaka mwenyewe, akapokea msamaha wake, basi aliyekuwepo kwa mkamwana alikuwepo na kwangu dakika ile ile. Alinisikia mara tatu. Na hakukibana kidole changu.

Mjukuu wangu anasema, Bibi, huna kosa, hukujua, ndivyo ulivyolelewa. Ananipenda. Nimemwambia dawa hiyo nilishampa mtu mmoja, naijua ladha yake.

Mimi nasema alikuwepo.